Damu ya Iosif Mwingine

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nafupisha aibu yangu ili twende pamoja.

Mimi ni Iosif Hatzihanna, muuza nyama wa Nikosia, mji mkuu wa kisiwa chetu. Nachinja kondoo bila kukunja uso, lakini nikiona sindano naanguka. Nina binamu, naye anaitwa Iosif Hatzihanna. Ndivyo tulivyo sisi Wamaroni, Wakristo wa kijiji cha Kormakitis: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo babu mwenye wana wawili huacha Iosif wawili, na padri akiita jina moja wanasimama watu wawili. Watu hututofautisha kwa kazi. Yeye amebaki kijijini na mbuzi wake, anatengeneza halumi, basi ni Iosif wa Jibini. Mimi ni Iosif wa Bucha.

Mtakumbuka kwamba watu wa hospitali walikuja kwenye ukumbi wa kanisa baada ya misa kutupima ule ugonjwa wa watoto uliomo katika koo zetu. Mchumba wangu Loukia alitoa damu huku akisimulia hadithi. Zamu yangu ilipokaribia, nilimwona nesi akirarua karatasi ya sindano, nikajificha msalani. Binamu yangu akanifuata mlangoni. Hata sikumaliza kumbembeleza, alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Jina ni lilelile, tarehe yangu ya kuzaliwa anaijua kwa kichwa. Akakaa kwenye kiti, akatoa damu, mimi nikatoka msalani nikiwa nimeshika mkono kana kwamba unauma.

Wengi mmeniandikia kuniita mwoga. Mngengoja kidogo. Uoga ndio ulikuwa sehemu nzuri ya hadithi.

Daktari Evanthia alituita ofisini kwake, mimi na Loukia. Ni mama mwembamba, mpole, wa aina inayokukaribisha kiti mara mbili. Nilipoona anakaribisha mara ya tatu nikajua kuna jambo.

"Nyote wawili mnabeba," alisema.

"Tunabeba nini?" niliuliza.

Loukia aliniangalia kama anavyowaangalia wanafunzi wa nyuma kabisa. Ni mwalimu wa hesabu.

"Ugonjwa wa Sandhoff," daktari akasema taratibu. "Ninyi wenyewe hamtaumwa hata siku moja. Kila mmoja ana nakala moja nzima ya jeni na moja mbovu, na ile nzima inatosha. Tatizo ni mtoto akirithi mbovu zote mbili. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna vijifuko vinavyosaga taka. Mtoto huyo vijifuko anavyo, lakini cha kusagia hana. Mafuta yanajazana kwenye ubongo."

"Anazaliwa mzima," Loukia akasema.

"Anazaliwa mzuri, ananyonya, anacheka. Karibu na umri wa kukaa ndipo anapoanza kulegea. Anashtuka kwa kila sauti. Halafu macho. Wengi hawafiki miaka minne."

Hakuhitaji kutueleza zaidi. Shangazi yetu Kallou, dada wa baba yangu na wa baba yake Jibini, alimzika mtoto wake wa kwanza hivyo. Bibi alikuwa akiwaita watoto wa namna hiyo wageni, na sisi tukiwa wadogo tulidhani ni jina zuri.

"Kila mimba, mara moja kwa nne," Loukia akasema.

"Kila mimba upya," daktari akaongeza.

"Najua, daktari. Hilo nalifundisha. Huwa natumia sarafu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo mtu mwenye akili angesema: daktari, ile damu si yangu. Maneno hayo ni mafupi. Hata mimi ningeyamudu.

Nilichosema ni hiki: "Loukia, hata ingekuwa mara nne kwa nne, mimi nakuoa wewe."

Daktari alivua miwani. Loukia alilia, mwanamke ambaye hakulia hata gari lake lilipogongwa na trekta la padri. Akaushika mkono wangu, ule ambao haukuchomwa sindano, akaubusu mbele ya mtu. Sijawahi kupendwa kiasi kile, na nilipendwa kwa damu ya mtu mwingine.

"Kuna njia," daktari akasema. "Mimba ikiingia, tunaweza kuchota maji kidogo ya uzazi kwa sindano, tukampima mtoto. Mnajua mapema, mnaamua wenyewe. Na wewe Iosif, waambie ndugu zako wa damu wapimwe. Hasa wanaotarajia mtoto."

"Nitawaambia wote," nilisema kwa sauti nzito ya shujaa.

Tukiwa kwenye ngazi Loukia aliniambia, "Nilidhani utakimbia."

"Mimi? Nikimbie nini?"

Msicheke bado.

Jumamosi bucha langu lilijaa, na mbele kabisa alikuwa Shangazi Kallou, akibonyeza mbavu moja moja kama anayetafuta mgonjwa. Ukimwambia Shangazi Kallou jambo akiwa ananunua mbavu, kabla hazijaiva limeshafika kwa jamaa zetu Melbourne. Mara Iosif wa Jibini akaingia, amevaa shati la kwendea mjini, na hakusalimia mtu.

"Majibu yako yametoka?" akaniuliza.

Shangazi Kallou aliacha kubonyeza. Mkono wake ulibaki juu ya nyama, na hakuinua macho. Nilimwonea huruma. Nikajionea huruma na mimi pia, kwa sababu ukoo mzima ungejua kabla ya chakula cha mchana.

"Safi," nikasema. "Safi kabisa."

"Kweli?"

"Kama maziwa yako."

Binamu yangu aliegemea friji. Kisha akazunguka meza, akanikumbatia na aproni yangu yote ya damu, akanibusu huku na huku, na shavu lake lilikuwa na machozi.

"Ahsante, ndugu yangu. Ahsante sana."

"Mbona unanishukuru mimi?"

"Njooni kesho, wewe na Loukia. Nitachoma nyama. Nipe bega zima la kondoo, lile kubwa."

Akatoka akipiga mluzi. Nikabaki nimefurahi kwamba nina binamu anayeumia kwa ajili yangu namna ile. Nikamwambia hata Shangazi Kallou: unaona ndugu hao? Naye akasema, "Naona," akaondoka bila mbavu.

Sasa jamani, kichwa changu ni kama jiko la kuni, huchelewa kushika moto. Wateja watatu walipita. Nilikuwa naligawanya paja la mbuzi la mteja wa nne, shoka liko juu, ndipo likanijia. Damu iliyopimwa ilikuwa ya nani? Ya Jibini. Basi anayebeba ni nani? Ni Jibini. Na mke wake Marianthi ana mimba, tumbo limeshaanza kuonekana, baada ya miaka waliyohangaika hadi watu wakaacha kuuliza.

"Iosif," mteja akasema, "utashusha hilo shoka au nirudi baadaye?"

Nilifunga bucha nikampigia simu binamu. Nilikuwa nimejiandaa. Alipopokea nikamuuliza habari za mbuzi. Akasema hawajambo. Nikamwambia vizuri, nikakata.

Basi Jumapili tukavuka mpaka unaokigawa kisiwa chetu kwenda kijijini, Loukia akiwa pembeni yangu. Njia nzima alikuwa akinitazama kwa jicho laini ambalo sikulistahili, na kila akinitazama nilikanyaga mafuta zaidi.

Nyumbani kwa Jibini moto ulikuwa umeshawaka uani. Marianthi alitupokea mlangoni, mkono mmoja kiunoni kama wanawake wenye mimba wanavyofanya hata tumbo likiwa dogo. Alikulia Nikosia, lakini mama yake ni wa Kormakitis kama sisi. Alinibusu akasema, "Shemeji, umekonda. Mapenzi hayo?"

"Ndiyo hayo," nikasema, na nikaomba kumwona mumewe.

Alikuwa kwenye kibanda cha maziwa, anakunja vipande vya halumi, kila kimoja na jani la mnanaa na chumvi. Alikuwa akiimba. Nikafunga mlango.

"Ndugu yangu, kuhusu ile damu."

"Imeshapita hiyo."

"Haijapita. Haikuwa safi."

Aliendelea kukunja kipande alichoshika, akakiweka sawasawa na vingine.

"Rudia."

"Daktari alisema inabeba. Nilikuambia safi kwa sababu Shangazi Kallou alikuwa pale na mbavu zake. Sasa sikiliza vizuri, maana hili ni gumu kidogo, mimi mwenyewe lilinichukua muda. Ile damu haikuwa yangu. Ilikuwa..."

"Unanieleza mimi damu ilikuwa ya nani?" akasema. "Mkono si ulikuwa wangu, we bwege!"

Nikakaa juu ya ndoo.

"Unadhani nilikaa kwenye kile kiti kwa kukupenda?" akaendelea. "Marianthi anabeba. Alipimwa akiwa msichana wa shule. Kabla ya harusi aliniambia, nenda kapime na wewe, tujue mapema. Padri yeye kabla ya ndoa anataka cheti cha ugonjwa mwingine wa kurithi tu, ule wa upungufu wa damu; hiki hakiulizi. Basi nilikwenda Nikosia, nikanunua viatu, nikarudi nikamwambia niko safi."

"Viatu?"

"Vya harusi. Nilivihitaji."

"Lakini kwa nini, Iosif?"

"Wewe unaogopa sindano. Mimi niliogopa jibu. Niliona ataniacha. Baadaye mimba ikagoma, nikasema basi, hakuna madhara. Halafu ikaingia. Tangu ilipoingia silali. Nikifumba macho namwona yule mtoto wa shangazi, tulivyokuwa tukikatazwa kupiga kelele karibu naye. Nilipokukuta unatetemeka kule msalani, nikasema Mungu kanifungulia njia. Nitapimwa, na hakuna atakayejua ni mimi."

Naam. Wiki nzima nilijiona tapeli, kumbe mimi ndiye niliyetapeliwa. Na hata huo utapeli niliuharibu.

"Ukaniambia safi," akasema. "Nimenunua kitanda cha mtoto, bwana. Jana hiyohiyo, nikitoka kwako."

"Mwambie mkeo."

"Mara tatu kati ya nne mtoto ni mzima."

"Na ile moja?"

Alichukua kipande kingine cha jibini, kikakatika mkononi.

"Wanaweza kumpima akiwa tumboni," nikamwambia. "Wanachota maji. Lakini hawangoji mimba izeeke. Mwambie leo."

"Nipe wiki moja."

"Mimi sina wiki ya kukupa. Hata yeye hana."

"Tafadhali, Bucha. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli hajawahi. Nilikuwa nakaribia kusema sawa. Naapa, neno lilikuwa limeshafika mdomoni, kwa sababu mimi sijawahi kumnyima mtu kitu ilimradi kisinichome. Hapo mlango ukafunguliwa.

Alikuwa Marianthi na sinia la kuchukulia jibini, Loukia nyuma yake.

"Shemeji, pole," Marianthi akasema. "Loukia ameniambia. Kwamba na wewe unabeba, na ulivyomjibu mbele ya daktari. Nimemwambia amepata mume." Kisha akamgeukia Jibini. "Lakini mbona jana uliniambia majibu ya Bucha ni safi?"

"Safi?" Loukia akasema.

Kibanda kile ni kidogo, na wanawake wawili walikuwa wanatutazama. Binamu yangu alitabasamu. Ana tabasamu zuri sana, na sasa najua kazi yake.

"Nilisikia vibaya," akasema. "Bucha lilikuwa na kelele."

"Hukusikia vibaya. Uliniambia amesema safi kama maziwa. Ulicheka peke yako hadi usiku." Marianthi akaweka mkono juu ya tumbo. "Shemeji, nakuuliza wewe. Huyu anadanganya vizuri, wewe unadanganya vibaya. Mna babu mmoja. Mume wangu alipimwa kweli kabla hajanioa?"

Jibini aliniangalia. Sitaki kuyaelezea yale macho, ni ya mtu niliyekua naye kitanda kimoja kila likizo. Mimi nilitazama sakafu, nikatazama ndoo, nikatafuta pa kujificha, na kwa mara ya kwanza maishani hapakuwa na msala karibu.

"Sijui ya kabla ya harusi, shemeji," nikasema. "Hayo atakueleza mwenyewe. Lakini damu iliyopimwa kanisani ni yake. Mimi nilikuwa msalani."

Nje mafuta ya lile bega yalikuwa yanadondokea motoni.

"Ulikuwa msalani," Loukia akarudia.

"Naogopa sindano."

"Na kwa daktari, uliposema unanioa hata iwe mara nne kwa nne, ulijua si damu yako."

"Nilijua."

"Nililia, Iosif."

"Niliona."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayesahihisha mtihani na kufika ukurasa wa mwisho. Lakini hakuendelea na mimi. Alimsogelea Marianthi akalishika sinia, kwa sababu lilikuwa linataka kuanguka.

Marianthi alikuwa anamtazama mumewe.

"Uliniambia ulipimwa," akasema.

"Niliogopa utaniacha."

"Na mimi sikuogopa? Nilikuambia ya kwangu siku ya tatu tangu tujuane. Nilikuwa natetemeka, nikakuambia." Hakupaza sauti. "Jana umenikuta nafuma. Ukakaa ukanisifu rangi."

"Jana nilidhani ni salama, Marianthi. Wallahi nilidhani..."

"Na juzi? Juzi ulidhani nini?"

Binamu yangu alifungua mdomo, tabasamu halikuja. Nilimhurumia na nikamchukia, na nikajua kwamba mlango ungechelewa kufunguliwa dakika moja tu, ile wiki aliyoniomba ningempa.

Marianthi alivua aproni akaitundika msumarini.

"Nipelekeni Nikosia kwa mama," akasema. "Sasa."

Jibini akaanza kutafuta funguo mifukoni.

"Si wewe," akamwambia.

Tulimwacha kwenye geti, na uma wa kugeuzia nyama mkononi. Sijui nani alikula lile bega.

Loukia alikaa nyuma na Marianthi, mimi mbele peke yangu kama dereva wa kukodi, na sikuthubutu kulalamika. Loukia alikuwa amempigia Daktari Evanthia kabla hatujatoka kijijini. Nilimsikia akieleza yote kwa mpangilio, jambo la kwanza, la pili, la tatu, na nilisikia jina langu likipita hapo katikati pamoja na neno msalani.

"Anasema kesho asubuhi," akasema alipokata simu. "Atamwona Marianthi kwanza, amweleze, kisha Marianthi aamue mwenyewe kama watachota. Anasema bado kuna muda, lakini si mrefu."

"Inauma?" Marianthi akauliza.

"Sindano inapita tumboni. Anasema inauma kidogo."

Sindano ya tumboni, na huyu anauliza tu kama inauma, kama mtu anayeuliza kama njia ina mashimo.

"Na ninyi wawili mnatakiwa," Loukia akaniambia kupitia kioo. "Wewe na binamu yako. Kila mmoja na mkono wake."

"Nitakuja."

"Sijakuuliza kama utakuja."

Pete ilikuwa bado kidoleni mwake. Niliangalia mara nyingi kuliko nilivyoangalia barabara. Lakini hakuwa akiniwazia mimi, na nikaona aibu kwamba hata wakati ule nilikuwa nahesabu hasara zangu.

Foleni ya magari ilikuwa ndefu kwenye kizuizi cha mpakani, kama kila Jumapili jioni watu wanaporudi mjini. Tulisogea, tukasimama, tukasogea. Nilitaka kusema jambo la kufariji, nikalitafuta, nikapata moja kuhusu hali ya hewa nikalimeza.

Marianthi akashtuka. Kwenye kioo nilimwona ameukamata mkono wa Loukia na kuubandika tumboni mwake.

"Amecheza," akasema.

Loukia akafungua vidole, kiganja chote kikalala pale.

"Ndiyo mara ya kwanza. Nilikuwa namngoja tangu wiki iliyopita." Alianza kulia, na alikuwa anacheka pia, na mkono wa Loukia hakuuachia. "Amecheza, Loukia. Amecheza sana."

Gari la mbele likaondoka. Nikasogea hadi dirishani, nikampa askari vitambulisho. Alikuwa kijana aliyechoka, hakututazama.

"Mko wangapi?" akauliza.

"Watatu," nikasema.

"Wanne," Marianthi akasema kutoka nyuma.

Askari akainama dirishani, akatuhesabu upya.